Je, Wajua? Magamba ya Bahari na Miamba ya Ukambani

Je, wajua kwamba mawe ya chokaa yaliyolala ardhini Kitui Kusini, ganda la yai la kuku wa mjini Wote na kauri iliyookotwa ufukweni Lamu ni kitu kimoja kikemia? Vyote vitatu ni kalsiamu kabonati. Saga kila kimoja, unga wake udondoshee siki, utaona povu lile lile likichemka. Lakini jaribu kuvipasua kabla ya kuvisaga ndipo utajua havilingani hata kidogo. Jiwe hupasuka kwa nyundo moja iliyolengwa vizuri, yai huvunjika mkononi mwa mtoto, na kauri hukufanya uitafute nyundo mara ya pili. Safu ya leo inafuata tofauti hiyo, kutoka miamba ya Mutomo, huko Kitui Kusini, hadi matumbawe ya Malindi, kisha inarudi bara.

Je, wajua kwamba mawe hayo ya Kitui ni ya kale kuliko gamba lolote la baharini? Mawe ya chokaa mengi duniani ni masalia ya viumbe vya bahari vilivyorundikana kwa mamilioni ya miaka. Ya Ukambani yana historia nyingine. Yalitua chini ya bahari ambayo haipo tena, kisha mabara yalipogongana yakazamishwa na kupikwa kwa joto na mgandamizo hadi yakawa marumaru. Kazi hiyo ilifanyika takriban miaka milioni 600 iliyopita. Wanyama wa kwanza wenye magamba wanaanza kuonekana katika rekodi ya miamba yapata miaka milioni 550 iliyopita. Mwanafunzi anayetafuta kisukuku cha chaza katika marumaru ya Mutomo atachoka bure.

Na je, wajua kwamba sehemu ya Ukambani huenda baharini kila mvua inyeshapo? Mto Athi hupita kati ya Makueni na Kitui, huungana na Tsavo na kuwa Galana, kisha huitwa Sabaki na kumwaga maji kaskazini ya Malindi. Udongo mwekundu anaouona mtalii baharini wakati wa masika ni shamba la mtu wa bara. Pamoja na udongo husafiri kalsiamu iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba, na kalsiamu ya baharini ndiyo malighafi ambayo konokono na chaza hujengea nyumba zao. Udongo, kwa upande wake, huyasonga matumbawe, kwa hiyo zawadi hiyo ya bara ina madhara yake.

Je, wajua lulumizi ni nini? Ni ile sakafu inayometameta ndani ya ganda la chaza wa lulu. Ukiitazama kwa hadubini yenye nguvu unakuta vibamba vya aragonaiti, ambayo ni aina mojawapo ya kalsiamu kabonati, vikiwa vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Kila kibamba kina unene wa karibu nusu mikroni. Mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita, kwa hiyo vibamba zaidi ya 100 hutosha katika unene wa unywele mmoja. Kati ya tabaka na tabaka kuna utando mwembamba mno wa protini na sukari changamano. Madini ni asilimia 95 ya uzito wote, na utando ni asilimia 5 tu au pungufu.

Hiyo asilimia 5 ndiyo inayofanya kazi ya ajabu. Ufa ukianza katika jiwe tupu hukimbia moja kwa moja hadi upande wa pili. Katika lulumizi ufa hukutana na utando laini, hugeuzwa, hulazimika kuzunguka kibamba kimoja baada ya kingine, na vibamba vyenyewe huteleza kidogo huku utando ukinyumbuka bila kukatika upesi. Kila kona hula nishati ya ufa mpaka unaishiwa nguvu. Mwingereza John Currey wa Chuo Kikuu cha York alichapisha vipimo vya lulumizi mwaka 1977, na wengi waliomfuata wamekubali kwamba nishati inayohitajika kuivunja ni takriban mara 3,000 ya ile inayovunja aragonaiti tupu. Mtandaoni utasoma kwamba lulumizi ni “imara mara 3,000.” Huo ni upotoshaji. Tarakimu hiyo inahusu nishati ya kuvunja, yaani ugumu wa kupasuka. Uzito inaoweza kuubeba ni jambo jingine, na huko hesabu haiko mbali kiasi hicho, ingawa bado inatisha: ganda la abaloni limepimwa maabara likastahimili mgandamizo wa zaidi ya megapaskali 500, wakati zege la kawaida la nyumba huishia 20 hadi 40.

Je, wajua kwamba ganda lililokauka hupasuka kirahisi kuliko lenye unyevu? Maji huulainisha ule utando wa protini na kuuwezesha kunyumbuka. Likikaa juani miezi mingi kwenye meza ya mwuza mapambo, lulumizi hupoteza sehemu ya ukinzani wake dhidi ya nyufa. Basi anayelipima ganda kavu hajapima nyumba aliyoishi chaza.

Tukiwa bado kwa chaza: wenyeji wa Kitui husimulia kwamba ukilizunguka Jiwe la Nzambani mara saba utageuka jinsia. Wageni hucheka, na baadhi yao huishia mzunguko wa sita kwa tahadhari. Je, wajua kwamba chaza hahitaji jiwe? Chaza wa lulu mwenye midomo myeusi, anayepatikana katika Bahari ya Hindi, kwa kawaida hukomaa kwanza akiwa dume, na baadaye wengi hugeuka majike. Hufanya hivyo akiwa amejishikiza pale pale kwenye mwamba.

Je, wajua kwamba kauri haikujengwa kama lulumizi? Gamba lake, sawa na la konokono wengi, lina muundo wa vijiti vyembamba vya aragonaiti vilivyolazwa pamoja, safu moja ikielekea upande huu na inayofuata ikiikatiza, mithili ya plaiwudi. Ndani ya kila safu kuna safu ndogo zaidi zinazokatizana kwa namna hiyo hiyo. Kiasi cha protini ni kidogo hata kuliko katika lulumizi, mara nyingi karibu asilimia 1 tu, ilhali ufa ukiingia huparaganyika na kugawanyika kuwa vijiufa vingi visivyofika mbali. Mwaka 2000 watafiti wanne, Kamat, Su, Ballarini na Heuer, walieleza katika jarida la Nature jinsi muundo huo unavyomlinda konokono mkubwa wa Karibi. Fundi wa mbao wa Kitui akielezwa habari hii hatashangaa sana. Nyuzi za mti zikilala upande mmoja ubao hupasuka, zikikatizana hukataa.

Na ule mng’aro wa kauri? Hakuna aliyeupaka. Kauri akiwa hai huitoa nyama yake laini nje na kulifunika gamba lote, kisha huendelea kuongeza tabaka kwa nje na kuziba mikwaruzo. Ndiyo maana gamba la kauri aliyekufa zamani hufifia: aliyekuwa akilihudumia hayupo.

Je, wajua kwamba mmoja wa wanasayansi waliotufundisha mengi zaidi kuhusu magamba haoni? Geerat Vermeij, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Chuo Kikuu cha California kule Davis, ni kipofu tangu utotoni. Huyasoma magamba kwa vidole. Vidole hivyo vilihisi kitu ambacho macho ya wengi yalikipita: magamba ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi ni mazito, yenye midomo myembamba na meno zaidi kuliko ya Karibi. Alieleza sababu kuwa ni adui. Kaa wa huku wana magando yenye nguvu zaidi, na kwa mamilioni ya miaka kaa na konokono wamekuwa wakishindana, huyu akiongeza gando, yule akiongeza ukuta. Ule mpasuo mwembamba wenye meno chini ya kauri, anaoupenda mshona mikanda, kwa kaa ni mlango usiopenyeka.

Je, wajua kwamba kauri zilipanda hadi bara kwa miguu ya watu? Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa safari ndefu Afrika Mashariki. Walipeleka pembe za ndovu Mombasa wakarudi na nguo, shanga, waya wa shaba na chumvi, na bidhaa za pwani zikaendelea hadi kwa jirani zao wa kuzunguka Mlima Kenya. Mwenyeji maarufu wa Kitui katika biashara hiyo alikuwa Kivoi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya. Wasomi wa Ulaya walimbishia kwa miaka kuhusu theluji aliyosema ameiona kileleni. Chumvi huyeyuka ikinyeshewa na nguo huoza. Kauri huvumilia mvua, jua na kuanguka kutoka kichwani mwa mpagazi, na huko bara ilishonwa kwenye ngozi na mikanda katika jamii nyingi.

Pwani yenyewe ilizisafirisha kwa wingi wa kutisha. Katikati ya karne ya 19 kampuni za Hamburg zilianza kupakia kauri za Zanzibar kwenda Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha halali. Zilipelekwa nyingi mno, thamani ikaporomoka, na waliokuwa wameweka akiba kwa kauri wakaumia. Gamba lilikuwa imara, bei haikuwa.

Je, wajua kwamba shanga ya kale kuliko zote zinazojulikana Kenya ni gamba la bahari? Ilichimbuliwa katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, kilomita 15 hivi kutoka pwani, na umri wake ni kati ya miaka 63,000 na 67,000. Imetokana na ncha ya konokono wa jamii ya Konasi. Watu wa pango hilo hawakuwa wavuvi hodari. Mabaki ya chakula chao ni ya nyika na msitu. Walilitaka gamba kwa uzuri wake. Konokono huyo naye ana hila yake ya ujenzi: anavyokua huziyeyusha kuta za ndani za gamba lake hadi zikawa nyembamba sana, akapata nafasi ya mwili, na madini akayaweka kwenye ukuta wa nje ambao adui ataugusa kwanza. (Ukimkuta hai ufukweni, mwache bila kumgusa. Baadhi ya Konasi wana sumu ya kuua mtu.)

Watu wa kale walizitoboaje na kuzisugua shanga hizo bila chuma? Kwa kawaida kwa jiwe na mchanga. Katika kipimo cha ugumu cha madini, kile cha 1 hadi 10, aragonaiti iko kati ya 3.5 na 4. Kwazi, ambayo ndiyo chembe kuu ya mchanga wa mito yetu, ni 7. Makueni ambako mchanga una sheria yake ya kaunti tangu 2015, kwa jinsi ulivyogombaniwa na malori, kila punje iliyo kwenye mto mkavu inaweza kulikwaruza ganda la chaza. Kuwa mgumu kukwaruzwa na kuwa mgumu kuvunjwa ni sifa mbili tofauti. Kioo hushinda lulumizi katika ya kwanza na hushindwa vibaya katika ya pili.

Je, wajua ni kitu gani cha asili kilichopimwa kikauzidi hata uzi wa buibui kwa nguvu ya kuvutwa? Ni jino la konokono mdogo wa miambani mwenye gamba la umbo la pia. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Asa Barber wa Chuo Kikuu cha Portsmouth walitangaza kuwa meno hayo, ambayo hukwangulia mwani juu ya jiwe, hustahimili gigapaskali 3 hadi 6.5. Jino limeshonwa kwa nyuzi nyembamba mno za gothaiti, madini ya chuma. Gothaiti iko tele pia katika udongo wa Ukambani. Ni mojawapo ya madini ya chuma yanayoupa rangi yake. Huku hutuchafulia viatu.

Sasa turudi bandani kwa kuku, maana huko ndiko kalsiamu kabonati inakogusa mfuko wa msomaji.

Je, wajua kwamba kuku hutengeneza ganda la yai kwa muda wa saa 20 hivi, tena sehemu kubwa usiku akiwa amelala? Ganda lina uzito wa gramu 5 hadi 6, ambazo zaidi ya gramu 2 ni kalsiamu halisi. Usiku hali chochote, kwa hiyo kilichobaki tumboni kikiisha huchota kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Kuku anayetaga sana bila chokaa ya kutosha hudhoofika miguu kabla mwenyewe hajagundua. Ndiyo sababu maduka ya pembejeo huuza chokaa na makombe yaliyopondwa, na chembe nene hufaa kuliko unga kwa vile huyeyuka polepole tumboni hadi usiku wa manane. Wape jioni. Asiye na hela anaweza kuyarudisha maganda ya mayai aliyokula nyumbani, mradi ayakaushe vizuri motoni na kuyaponda hadi yasitambulike, asije akawafundisha kuku kula mayai.

Unene wa ganda hilo ni milimita 0.3 hadi 0.4, na lina vinyweleo maelfu vya kupitisha hewa: wastani huwa kama 10,000. Shika yai kwa ncha zake mbili ulibane sawasawa, litakushinda. Umbo la tao hueneza mzigo, na kalsiamu kabonati hupenda kubanwa. Kisichopenda ni kuvutwa. Kifaranga akigonga kutoka ndani kwa kijino kilicho juu ya mdomo wake, ganda huvutika kwa nje, na papo hapo hukubali ufa. Mwaka 2018 timu ya Marc McKee wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ilionyesha jambo la ziada. Chembe ndogo kabisa za ganda hupangwa kwa msaada wa protini inayoitwa osteopontini, na kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ganda huwa gumu zaidi, hasa upande wa nje. Yai likiatamiwa, upande wa ndani huyeyuka kidogo kidogo: kalsiamu inayotoka humo hujenga mifupa ya kifaranga, na ukuta aliotakiwa kuuvunja unazidi kuwa dhaifu siku yake ya kutoka ikikaribia. Kwangu mimi huo ni uhandisi bora kuliko lulumizi, ingawa hakuna anayeuvaa shingoni.

Je, wajua kwa nini yai la kanga ni gumu kuliko la kuku? Unene ni sehemu tu ya jibu. Katika ganda la kuku fuwele za madini husimama wima, bega kwa bega, na ufa hupenya katikati yake. Katika la kanga, fuwele za sehemu ya juu zimesokotana, ufa ukiingia hupotea njia. Ni ile kanuni ya kauri tena, safari hii ikitagwa vichakani Kibwezi. Yai la mbuni nalo hutegemea unene: ganda lake hufika karibu milimita 2, na watu wa bonde la Naivasha walitengenezea shanga miaka 40,000 hivi iliyopita katika pango la Enkapune ya Muto.

Si ndege pekee wanaoihangaikia kalsiamu nchi kavu. Konokono mkubwa wa Afrika, mwenyeji wa pwani yetu, hujifungia ndani ya gamba wakati wa kiangazi na kuuziba mlango kwa utando mkavu wenye kalsiamu. Njaa yake ya kalsiamu ni kubwa kiasi cha kukwangua kuta za nyumba. Alipoibuka tena Florida mwaka 2011 ilichukua miaka kumi kummaliza. Mwaka 2021 mamlaka za huko zikatangaza ushindi, na mwaka 2022 akaonekana tena.

Nimemweka mwisho mwenyeji halisi wa Kitui. Je, wajua kwamba katika miamba ya Nguni na Nuu, upande wa Mwingi, anaishi kobe ambaye gamba lake ni laini? Ni kobe bapa. Urefu wake ni sentimita 17 au 18 akiwa mkubwa, na kimo sentimita chache tu. Kobe wengine hujenga kuba la mfupa lililofunikwa na tabaka la pembe, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na adui akija huingiza kichwa na kusubiri. Kobe bapa, hata akizeeka, mifupa ya gamba lake hubaki na matundu mapana, na ukimbana hubonyea. Hana ngome, kwa hiyo hukimbia, tena mbio za kushangaza kwa kobe, hupanda jabali na kujichomeka katika ufa. Zamani iliaminika kwamba akifika humo hujijaza hewa na kuvimba ili asitolewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1972 ulikanusha: hujibana kwa miguu, akilisukuma gamba lake linalonyumbuka dhidi ya mwamba. Ukuta wake ni ule mwamba wa kale wa Ukambani, naye hakupoteza kalsiamu kujijengea mwingine.

Gharama yake ni kwamba hawezi kuishi popote pasipo nyufa za kimo kinachomfaa. Jike hutaga yai moja kwa wakati. Wanaowatafuta kwa ajili ya soko la wanyama wa kufugwa ng’ambo wamefikia kupanua nyufa kwa jeki za magari, na ufa ukishavunjwa hakuna kobe atakayerudi humo. Mwaka 2019 mkataba wa CITES ulimhamishia katika orodha yake kali zaidi, inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliotoka porini, na mwaka huo huo aliwekwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka.

Kwa hiyo, wewe unayepasua kokoto Nguni, Nuu au kwingineko Kitui: kabla ya kuinua bamba la jiwe, mulika tochi ndani ya ufa. Ukimwona humo, hamia jiwe jingine. Na mgeni akija kijijini kuuliza kobe wanauzwa bei gani, mpelekee habari chifu au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu siku hiyo hiyo.